Chema Hakijiuzi Kiwengwa

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo wasemavyo watu wa pwani, na wafanyabiashara wa Unguja wameilalia methali hiyo kama mto wa usufi. Mwenye karafuu nzuri hukaa barazani pake akangoja. Ana yakini kuwa mnunuzi atakuja, kwa sababu mama yake mnunuzi alikuja, na bibi yake kabla ya mama. Rai ya makala haya ni kwamba methali imeshindwa, na mahali iliposhindwa pana jina: ni Kiwengwa, pwani ya mashariki, katika Mkoa wa Kaskazini Unguja. Hapo kibaya chajitembeza, na kwa kule kutembea kwake ndicho kinachofika. Chema kimebaki mjini, kiasi cha kilomita 40 kwa njia ya Kinyasini na Mahonda, kikingoja kujiuza kwa mtu asiyejua kuwa kipo.

Mgeni wa Kiwengwa ni mgeni wa aina yake. Tangu miaka ya 1990 ufukwe huo umejaa hoteli, na wengi wa wageni wake ni Wataliana. Mgeni hulipa kila kitu kwao kabla hajapanda ndege. Akifika huvishwa bangili ya plastiki mkononi, na kuanzia hapo hula, hunywa na hulala ndani ya ua. Vijana wa kijiji wamejifunza Kitaliana bila ya mwalimu wala kitabu, jambo ambalo lingefanywa na mwanafunzi wa chuo kikuu angelipewa cheti na picha yake ikatolewa gazetini. Wao hupewa jina la vijana wa ufukweni, na jina hilo halitajwi kwa heshima. Basi siku ya tano au ya sita mgeni hukumbuka kuwa yuko katika kisiwa cha viungo, kama ilivyoandikwa katika kila karatasi aliyopewa. Ana mama nyumbani, ana jirani, naye mwenyewe anapenda kupika. Huuliza swali la haki kabisa: wapi nitapata viungo vizuri?

Majibu anayopewa ni matatu. La kwanza ni duka la hoteli. La pili ni kijana mwenye kibao cha makuti ufukweni. La tatu ni ziara ya mashamba ya Kizimbani au Kindichi, ambako ataoneshwa mti kwa mti, atavishwa kofia ya majani ya mnazi, na mwisho wa njia atakuta meza. Yote matatu humfikisha kwenye kitu kimoja: kikapu kidogo cha ukili kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni, ndani yake vijipakiti saba au vinane, kila kimoja na kijikaratasi chenye jina kwa lugha ya mgeni.

Na afungue mtu kikapu hicho, atazame.

Atakuta zafarani. Hapa inabidi kusimama, kwani kijipakiti hiki ndicho kinachobeba uwongo wote wa biashara hii. Zafarani haioti Unguja. Haijapata kuota Unguja. Ni nyuzi tatu nyekundu zinazochumwa katikati ya ua dogo la rangi ya zambarau, ua linalotaka baridi ya kweli wakati wa kipupwe na ukavu wakati wa kiangazi. Kilo moja iliyokauka huhitaji maua yapatayo 150,000, yote yachumwe kwa mkono. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Uajemi. Ile inayotiwa katika halua ya Unguja, na ile wanayoandikia kombe mafundi wanaoijali kazi yao, huletwa kutoka nje, na kila mwenye duka anayeiuza anajua hivyo. Kilichomo katika kijipakiti ni unga wa manjano, au ni maua makavu ya mmea mwengine yanayotoa rangi na yasiyotoa harufu. Mwenye shaka na achukue nyuzi mbili azitie katika maji ya uvuguvugu: zafarani ya kweli hutoa rangi polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu, unga wa manjano huchafua maji papo hapo.

Kejeli ya jambo hili ni kuwa Mtaliana anayo zafarani kwao. Katika uwanda wa Navelli, milimani Abruzzo, wakulima hulima zafarani ya L'Aquila, na tangu 2005 jina hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, hata asiyelima huko hawezi kulitumia. Jibini ya Parmigiano Reggiano ina chama cha kuilinda tangu 1934. Gurudumu la jibini halipigwi muhuri wa moto mpaka likaguliwe. Mtu aliyekulia katika nchi yenye wivu wa namna hiyo juu ya chakula chake huvuka bahari mbili, akauziwa Kiwengwa manjano kwa jina la zafarani. Akifika kwao akaipikia wali, ataionja. Hatarudi kudai fedha zake. Ni kidogo, na Kiwengwa ni mbali. Atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakofasiriwa huku kuwa ni ridhaa.

Vijipakiti vyengine havistahiki maneno mengi. Mdalasini wa kweli, ambao Unguja huota na huota vizuri, una gome jembamba linalojikunja tabaka ndani ya tabaka na huvunjika kwa vidole. Kikapuni mara nyingi mna gome nene, gumu, lililojikunja mara moja tu. Vanila inayotakiwa iwe nyeusi, laini, yenye mafuta, imekauka kama kijiti cha kuchokolea meno. Bizari na vikolezo vya pilau vimesagwa tangu siku isiyojulikana, na kilichosagwa zamani hakina tofauti na vumbi ila bei. Uzile na gilgilani hutoka Bara Hindi, wala si aibu kutoka huko, kwani zimekuwa zikija kwa jahazi tangu enzi na enzi. Aibu ni kuandika juu yake kuwa zimelimwa kisiwani.

Halafu karafuu, na hili ndilo linalouma. Karafuu ndicho kitu ambacho dunia nzima iliijulia Unguja na Pemba. Karafuu njema ina kichwa chake, imejaa, rangi yake ni ya kahawia inayokaribia wekundu. Ukiibinya kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia majini huzama au husimama wima. Katika kikapu cha Kiwengwa mna karafuu zisizo vichwa, zilizochanganywa na makonyo, zinazolala juu ya maji kama vijiti vya kiberiti. Mpemba yeyote aliyepanda mkarafuu na kuanika majamvini angezitazama mara moja akazimwaga.

Watetezi wa biashara hii wana hoja, na haifai kuzipita kama kwamba hazikusemwa. Husema kwanza kuwa mgeni hajui, wala hataki kujua; anachotaka ni kikapu kizuri cha kupigia picha. Husema pia kuwa kijana wa ufukweni anatafuta riziki, na mwenye kumsema anamtilia mchanga katika kitumbua chake.

Hoja ya pili ina ukweli, na kwa sababu ina ukweli isitumiwe kuficha wengine. Kijana wa ufukweni hakukitengeneza kikapu. Amekinunua kwa jumla mjini, kwa fedha alizokopa pengine, na anatembea nacho juani kutwa, akifukuzwa na walinzi kila anapokaribia viti vya wageni. Yeye ndiye wa mwisho katika mnyororo na ndiye pekee anayeonekana. Aliyejaza kijipakiti amekaa kivulini. Aliyekinunua kwa ajili ya duka la hoteli na kukiuza kwa bei iliyopandishwa amekaa katika kiyoyozi. Kumlaumu kijana ni kumlaumu punda kwa mzigo.

Hoja ya kwanza ni uzushi. Mgeni asiyetaka kujua hakuuliza swali. Huyu ameuliza.

Historia yenyewe inawasuta. Karafuu ziliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika enzi ya Sayyid Said zikaenea mashambani. Kimbunga cha 1872 kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoubeba mzigo. Muda wote huo jina la Zanzibar lilikuwa ni dhamana katika bandari za mbali. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kukagua karafuu zinazosafirishwa na kuzipanga kwa daraja, kwa sababu ilijua kuwa gunia moja lenye makonyo huharibu jina la meli nzima. Sheria zile zilikuwa na dhulma zake nyingine, na mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa 1937 na 1938 haukuzuka bure. Lakini suala la ubora halikuchezewa. Baada ya Mapinduzi, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoundwa 1968, liliendelea na daraja hizo hizo. Mkulima wa Mtambwe anayepeleka karafuu mbichi au zenye taka kituoni hurudishwa nazo, au hushushwa daraja na bei.

Basi gunia lina mlinzi, kijipakiti hakina. Mkulima maskini wa Pemba anakaguliwa kichwa kwa kichwa, kwa sababu karafuu zake zinakwenda Bara Hindi na Indonesia kwa watu wenye mizani na maabara. Mpakiaji wa vikapu hakaguliwi na mtu, kwa sababu mnunuzi wake amevaa kaptura. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Kila mmoja wao ni bandari ndogo inayopokea shehena ndogo, na shehena hiyo ndiyo khabari pekee ya viungo vya Zanzibar itakayoingia jikoni kwake.

Yuko mgeni mwengine ambaye hasumbuki hata kidogo. Ni yule atokaye Maskati. Huyu akishuka hatafuti duka. Ana shangazi. Shangazi ana muuza halua wake, anayemjua kwa jina na kwa sufuria yake ya shaba, na anajua ni siku gani halua imekorogwa vya kutosha na siku gani mtoto amewachiwa mwiko. Ana mtu wake wa hiliki. Ana mtu wa karafuu, na ubuyu, na achari ya embe. Hutuma mtoto na maneno matano: mwambie ni za shangazi fulani. Mgeni hurudi Omani na sanduku zima, na harufu ya sanduku hilo humtangulia mlangoni. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kilichonunuliwa katika kikapu cha nailoni.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Unguja ina vyakula na viungo bora, na ina watu wanaovijua. Ila ujuzi huo unapita katika udugu, haupiti katika duka. Asiye na shangazi hana mlango. Na duka zuri, popote duniani, ni nini ila shangazi wa asiye na shangazi? Ni mahali ambapo mtu asiyejua atauliza, naye ajibiwe kama anavyojibiwa jamaa: hii ni ya mwaka huu, ile ni ya mwaka jana, hii imetoka Pemba, ile imekuja kwa meli kutoka Bombay, zafarani hatuna yetu, ya Waajemi ninayo, na bei yake ni hiyo, ukitaka utanunua kidogo.

Wapo watakaosema: basi na aende Darajani. Soko lile limesimama tangu 1904, daladala namba 117 inatoka Kiwengwa mpaka mjini, na nauli haimshindi mtu. Kweli aende, lakini akifika atajua aingie wapi? Safu ya mbele ya Darajani imekwisha kugeuka Kiwengwa ndogo: vikapu vile vile, zafarani ile ile, na papasi wa kumshika mkono. Muuzaji wa kweli yuko nyuma, katika vichochoro ambavyo wenyeji hununulia bizari zao kwa kipimo, naye hana kibao, hana jina lililoandikwa ukutani, wala hana maneno ya kumwambia mgeni. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo milango yake imehesabiwa, imechorwa, imepigwa picha kila msumari. Maduka ya bizari hayakuhesabiwa na mtu.

Msomaji wa jarida la mashairi pengine anajiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa neno moja, mizani. Lugha imelipa jina moja chombo cha muuza bizari na hesabu ya mshairi, na haikukosea. Mtunzi akipunguza silabi moja katika kipande cha ukwapi, wasikilizaji wa Unguja watamzomea kabla hajafika mwisho wa ubeti. Akitia kina cha uwongo, ataitwa mlenga. Watu wenye masikio makali namna hiyo wanawezaje kusikia neno "zafarani" likitamkwa juu ya manjano na wasishituke? Sura ya Al-Mutaffifin, ambayo kila mtoto aliyepita chuoni ameisoma, imeanza kwa kuwatisha wapunjao vipimo. Na kuna vipimo visivyoonekana: mwenye kubadili jina la kitu amepunja pia, hata kama uzito umetimia.

Tena hasara si ya mgeni peke yake. Kiswahili kimelipa tunda moja majina mawili, kungumanga kwa kokwa na basibasi kwa utando mwekundu unaoizunguka. Kimetenga karafuu na makonyo, hiliki na iliki ya mwitu, pilipili manga na pilipili hoho. Majina hayo yamewekwa na watu waliokuwa wakiuza na kununua kwa uaminifu, wakihitaji kujua nani kapewa nini. Leo kijana wa Kiwengwa anayajua kwa Kitaliana, na kwa Kiswahili yote ameyaita "spaisi". Muuzaji asiyehitaji kutenga kitu na kitu hahitaji maneno mawili. Washairi wanaolia kila siku kuwa msamiati unapotea watafute ulikopotelea: mwengine umefungwa katika nailoni na kuwekwa ufukweni.

Na Kiwengwa yenyewe ina nini? Hili halijaulizwa kabisa. Nyuma ya hoteli kuna kijiji cha wavuvi, na nyuma ya kijiji kuna msitu wa hifadhi wa Kiwengwa na Pongwe. Bahari inapokupwa, wanawake huingia mwambani kuwinda pweza, na pweza wa pwani ya mashariki aliyekaushwa juani ni kitoweo ambacho mtu wa mjini hukilipia bila kubishana. Mwani umelimwa katika pwani hii tangu 1989, karibu wote kwa mikono ya wanawake, ukapelekwa viwanda vya ng'ambo kwa bei isiyotosha kununua unga. Huko hugeuzwa kuwa kitu cha kuzidishia uzito maziwa na vyakula, na hapana ajabu kama hurudi Kiwengwa ndani ya vikopo vya hoteli. Mgeni analala mita mia mbili kutoka kwa pweza yule. Hamuoni akiuzwa, hana wa kumwambia jinsi ya kumpika kwa tui na ndimu. Wa kumuuzia manjano anao.

Wakulima wa pilipili ya Penja, kule Kameruni, walikuwa katika hali inayofanana na hii: pilipili nzuri, jina zuri, na wachuuzi wakichanganya ya Penja na isiyokuwa ya Penja. Walijikusanya, wakaandika ni ardhi gani na namna gani ya kuvuna, na mwaka 2013 jina lao likasajiliwa katika shirika la haki za ubunifu la nchi za Afrika zinazosema Kifaransa. Bei ya mkulima ilipanda sana. Zanzibar nayo haina upungufu wa karatasi. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mwaka 2008 sheria ya mali za viwandani, na ndani yake imo nafasi ya kulinda jina la bidhaa kwa mahali ilikotoka. Sheria ipo, karafuu zipo, wajuzi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali kuwa kijipakiti cha gramu 50 kina haki sawa na gunia.

Duka moja tu lingetosha kuanzia, Kiwengwa, nje ya ua wa hoteli na kando ya barabara, ambapo mgeni atatoka na mwenyeji ataingia bila kuzuiwa na mlinzi. Wawekwe humo wanawake wa kijiji na kijana mmoja wa ufukweni mwenye Kitaliana chake, ambacho kwa mara ya kwanza kitapata kazi ya kusema kweli. Kiwepo chano cha halua chenye tarehe, pweza mkavu, asali, karafuu. Pasiwepo zafarani ya Unguja. Na juu ya kila kifuko iandikwe lebo kwa Kiswahili kwanza, maneno machache yaliyochaguliwa na mtu anayejua kupima maneno: karafuu, Mtambwe, Pemba, za vuli ya mwaka huu, zimeanikwa majamvini, zimechambuliwa makonyo.